Nyumba Tuliyoiruka

Kasoli, jioni

Kabula mwanangu,

Umeenda kuagana na wanakwaya wenzako, na kwaya ile ikianza kuagana haimalizi, kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko uani anakufungia viazi kwenye gunia. Amefunga, amefungua, amefunga tena. Hataki kusema kwamba roho inamuuma, basi anagombana na kamba.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Umekaa chuo cha Biblia ukarudi mzima, hayo unayajua. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema juzi hapa nyumbani. Walikuja wazee wa kanisa la Mwandoya kukupokea, mimi nawamiminia chai. Yule mwenye koti la kijivu akakutajia nyumba za jumuiya utakazokuwa unazizungukia ukiwa mwinjilisti wao, kisha akasema, "Iko moja kule ng'ambo ya mto, ila hiyo usihangaike nayo. Sisi tumeshazoea kuiruka." Nawe ukajibu, "Sawa, wazee."

Chai ilinimwagikia mkononi. Mkanipa pole, nikasingizia birika.

Ningekwambia kwa mdomo tungegombana, maana mimi na wewe tukianza hakuna anayenyamaza wa kwanza. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Hiyo "sawa" yako nataka uirudishe kwao. Na ili ujue kwa nini, nitakusimulia habari ya Mayu Holo kutoka mwanzo. Wewe ulikuwa darasa la pili, ukaisikia vipande vipande, tena kutoka kwa watu wanaopenda kutia chumvi.

Mayu Holo, bibi ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama, alikaa ng'ambo ya korongo letu, upande wa machweo, mji wake umezungushiwa minyaa. Mume alikuwa ameshakufa. Watoto walihama na ng'ombe kwenda kusini kutafuta malisho, wakamwacha na kuku. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya bibi yeyote wa kwetu aliyepikia mavi makavu ya ng'ombe tangu usichana. Yangu nayo yameanza, umeona. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na sijawahi kusikia amemsema mtu vibaya.

Mimi nilikuwa kiongozi wa jumuiya. Unanijua nilivyo, sauti ya kuitia ng'ombe na bidii ya kuchosha watu. Kila Alhamisi jioni tulisali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mwenye zamu alifagia uwanja asubuhi, akatandika mikeka na ngozi, akachemsha michembe ya viazi vikavu, na mlango wake aliuacha wazi mchana kutwa ili kila apitaye ajue kwamba leo hapa kuna ibada. Hata yule asiye na mbuzi mmoja, siku hiyo wazee walikuja kwake na kumwita mwenye mji. Watu walizipenda zamu zao, gete, kweli kabisa. Walizingoja.

Ndipo Limi akafariki. Unamkumbuka Limi, mtoto wa Masalu, mliyekuwa mnakaa naye dawati moja. Homa ilimchukua haraka mno. Masalu alikuwa Mkristo mwenzetu, Jumapili alilia kanisani mbele yetu sote, na Jumatatu akaenda kwa mganga. Usimcheke. Mtu aliyefiwa na mtoto hugonga kila mlango. Mganga akapiga ramli yake, akamwambia aliyefanya hivyo anakaa upande wa machweo, hana mume, na mnasali naye. Hakutaja jina. Hao hawataji, wanakuachia wewe umalizie.

Alhamisi iliyofuata tulisali kwa jirani mmoja, na zamu inayofuata ilikuwa ya Mayu Holo. Kila mtu alijua. Nikasimama kutangaza kama kawaida. Haki ya Mungu, Kabula, sikuwa nimepanga. Nilifungua mdomo, mdomo ukasema, "Wiki ijayo tutakutana kwa Mama Shija." Watu wakasema, "Amina." Mayu Holo alikuwa amekaa palepale mkekani, mguu wake karibu na wangu. Na yeye akasema, "Amina." Akafunga kanga yake, akaaga, akaenda.

Mpaka leo hilo ndilo linanitisha kuliko hayo mengine yote nitakayokwambia. Hatukukaa kikao. Ingekuwa kikao, angetokea mbishi mmoja akasema jamani, huyu bibi ametukosea nini? Lakini nani abishie kitu ambacho watu wamekiitikia amina? Hakuja tena ibada za Alhamisi, na hakuna aliyemfuata kumuuliza.

Kwa Mama Shija tulianza wimbo. Tulipofika ubeti wa pili, kutoka ng'ambo ya korongo tukasikia sauti moja inaimba wimbo huohuo. Nikajisemea, jioni sauti husafiri, ametusikia anaitikia. Watu walitazamana kidogo, tukaendelea.

Alhamisi nyingine sauti ilitangulia. Tulikuwa bado tunasalimiana, hatujachagua wimbo, tukamsikia kule anaimba. Mama Shija alifungua kitabu chake pale alipokuwa ameweka kijiti asubuhi hiyo, akakifunga tena, uso umembadilika. Wimbo ulikuwa huo. Hakuna aliyethubutu kuuimba, tukachagua mwingine, na tulipomaliza ule mwingine tukamsikia anaumalizia na yeye.

Tukahamisha ibada. Tukawa tunasalia kwenye nyumba zilizo karibu na ghala la pamba, kule barabarani, ambako hata ngoma ya ng'ambo haifiki. Hata huko mimi nilimsikia. Wengine walisema hawasikii kitu, lakini niliona walivyokuwa wanavuta kanga zao hadi masikioni, na hakukuwa na baridi. Hapo maneno yakaanza: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Sasa sikiliza hili. Alhamisi moja mchana ndama wetu alipotea, nikamfuata hadi ng'ambo. Nikapita nyuma ya minyaa ya Mayu Holo, nikachungulia. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mistari ya fagio inaonekana. Mikeka imetandikwa, ngozi zimetandikwa, mlango wazi. Yeye alikuwa anazunguka na bakuli la michembe, anainama mbele ya kila mkeka mtupu.

"Karibu Mama Shija. Mguu unaendeleaje?" Akanyamaza kama mtu anayepokea jibu, akacheka kidogo. "Pole. Kula kwanza."

Akafika kwenye mkeka wa karibu na mlango. "Mama Kabula, wewe kaa hapa na mimi. Umechoka na pamba."

Nilishika minyaa, na unajua utomvu wake unavyochoma, sikusikia. Yeye akapiga magoti katikati ya mikeka ile akaanza kutuombea, nyumba baada ya nyumba, pamoja na ya Masalu. Alipofika kwangu akasema, "Bwana, mshike Kabula. Kifua, Bwana. Kifua cha Kabula."

Ulikuwa mzima kabisa! Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekuchapa kwa kupanda juu ya paa la choo. Nilikimbia nikamwacha ndama huko, na jioni kwenye jumuiya nikayamwaga yote. Nikasema ana mikeka ya kutuketisha hata tusipokuwepo. Nikasema amemtaja mwanangu. Wanasema mdomo uliponza kichwa, lakini mimi mdomo wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Wiki haikuisha ukaanza kukohoa. Siku nyingine ningekupa asali na ndimu nikaendelea na kazi. Siku hiyo nilijua umerogwa, nikakubeba mgongoni, nikapanda nawe pikipiki hadi hospitali Bariadi kama mwendawazimu. Daktari akasema ni nimonia. Akasema wewe mama umefanya vizuri sana kuwahi, wengi huleta watoto wakiwa wameshachelewa. Nilikaa pale kwenye benchi nikisikia sifa hizo. Nisingemsikia yule bibi akikutaja, nisingewahi. Nililigeuza jambo hilo kichwani kila upande na halikukaa sawa upande wowote.

Tuliporudi nyumbani wewe unacheza, maneno yangu yalikuwa yameshazunguka kijiji chote na kuongezeka miguu. Maji yakimwagika hayazoleki. Alasiri moja nikiwa nachambua pamba, Masalu akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa amekonda.

"Mama Kabula, ni kweli alimtaja mtoto?"

"Ni kweli."

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Lakini Masalu, alikuwa anasali..."

"Basi," akasema, akageuka akaondoka bila kuaga.

Msukuma kuondoka bila kuaga, unajua maana yake: ameshakata shauri la ubaya. Nikampigia mchungaji, yuko Bariadi, simu haipatikani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa shemeji yake Masalu, huko nisingesaidiwa. Nikajitanda kanga ya pili, nikachukua kitabu cha nyimbo. Baba yako akauliza unaenda wapi, nikamwambia jumuiya. Akanitazama. Haikuwa Alhamisi.

Haikuwa Alhamisi, na bado nilipofika nilikuta uwanja umefagiliwa na mikeka yote imetandikwa.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia pale mlangoni.

"Mwadila. Umechelewa," akajibu, wala hakukasirika. "Kaa. Pako ni pale."

Nikakaa. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya minyaa na udongo umepoa, niliusikia baridi kwenye nyayo. Lakini mkeka ule ulikuwa na joto, kama kuna mtu ameinuka sasa hivi akanipisha. Niliweka kiganja kwenye mkeka wa pembeni yangu. Nao ulikuwa na joto. Sikugusa mwingine, nakwambia ukweli.

"Mayu, kuna watu wanakuja," nikamwambia. "Twende kwangu."

"Wageni wanakuja, mimi nitoke nyumbani?"

"Hao siyo wageni, mayu. Wanakuja kwa ubaya. Ni maneno yangu yamewaleta."

Alinitazama kwa yale macho yake. Alikuwa anajua. Sijui alijua tangu lini, lakini alikuwa anajua. "Wakija, wamekuja," akasema. "Anzisha wimbo. Kiongozi si wewe?"

Mimi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, sauti iligoma. Ilitoka pumzi tupu. Akaanzisha yeye, taratibu, na mimi nikamfuata nikitetemeka. Tuliimba wawili, Kabula. Weka hilo kichwani: tulikuwa wawili tu uwanja mzima.

Kwenye ubeti wa tatu nikasikia nyayo. Mbwa wake alibweka mara moja, kisha akalia kile kilio cha chini na kuingia uvunguni. Mwanga wa tochi za simu ukapita kwenye minyaa, ukasimama. Niliona vivuli vya wanaume vimejipanga na chuma kinang'aa. Mayu Holo akamaliza ubeti, akageukia kule kwenye mwanga na kusema, kwa sauti ileile ya siku ya zamu, "Karibuni ndani. Nafasi bado ipo."

Akaanza wimbo mwingine. Nikafumba macho nikaimba, nikingoja kusikia mlango wa minyaa unasukumwa. Nilikuwa nawaza wewe utasukwa nywele na nani. Tuliimba mpaka wimbo ukaisha, na nilipofumbua macho mwanga haukuwepo. Nililala kwake siku hiyo, kwenye ngozi, nimemshika kanga kama mtoto.

Masalu mwenyewe ndiye aliyenieleza, baada ya misimu kadhaa ya pamba kupita. Tulikuwa tumekaa juu ya marobota tunangoja mizani.

"Tulikuja kumuua," akasema hivyohivyo, bila kuzunguka. "Tulipofika kwenye minyaa tukasikia jumuiya nzima inaimba. Besi zipo, sauti za kina mama zipo. Mwenzetu mmoja akasema siingii, mke wangu yumo, namsikia. Tukamfuata mke wake nyumbani tukamkuta anakamua ng'ombe."

"Na wewe?" nikamuuliza.

Alichomoa pamba kwenye robota, akaiviringisha kidoleni. "Mimi nilimsikia Limi. Ile sauti yake ya juu. Anakosea palepale alipokuwaga anakosea." Akajifuta uso kwa mkono wenye pamba. "Mama Kabula, wewe ulikuwa ndani. Niambie. Ule ulikuwa Mungu, au ulikuwa uchawi wake?"

Nilimwambia sijui. Wewe una cheti cha theolojia, labda unalo jibu, usiniandikie. Mimi nimemwosha Mayu Holo alipofariki kwa uzee, kitandani kwake, Masalu akiwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na bado sijui. Wakati mwingine jioni nikipita kwenye magofu ya mji wake naharakisha hatua. Ndiyo, mimi, mzee wa kanisa.

Ninachojua ni kidogo. Watu wakisimulia habari hii husema Mama Kabula alimpenda sana yule bibi. Uongo! Nilikwenda namwogopa, mwili mzima unanisisimka. Kumpenda kulikuja baadaye, polepole, nilipojua kwamba anakoroma, anapenda chumvi nyingi, na akishiba hucheka mwenyewe. Alhamisi ile iliyofuata nilitangaza nyumba yake. Walikuja wachache, wakakaa karibu na mlango wa kutokea. Alimuuliza Mama Shija habari za mguu. Sisi tulikaa tumejikunyata, na yeye alifurahi mpaka nikaona aibu.

Usingoje upendo uje ndipo uende. Utangoja hadi uzeeke. Na usijidanganye kwamba ukiwapenda wale wenye viti vizuri na chai ya maziwa utakuwa umelitumikia kanisa. Hao mimi niliwapenda bila shida yoyote, hata asiyesali anawapenda. Nilikuwa na bidii, nilikuwa nasifiwa, na ni katikati ya bidii hiyohiyo nilipomruka mtu kwa sentensi moja. Ulivyosema "sawa" juzi ulisema vizuri, kwa heshima, kama nilivyokulea. Nilisikia sauti yangu mwenyewe mdomoni mwako, mwanangu, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye minyaa.

Sikwambii kwamba kule ng'ambo ya mto hakuna cha kutisha. Sijafika. Labda utakuta mambo yatakayokunyima usingizi, labda na wewe utakuja kuniambia hujui. Baba yako angependa nikwambie Mungu atakulinda. Atakulinda, nami namuomba hivyo kila nikiinama, lakini wewe nenda hata kama unatetemeka.

Nimalizie na kitu ambacho sikukwambia. Juzi nilipowasindikiza wale wazee barabarani, nilimvuta pembeni yule wa koti la kijivu nikamuuliza nani anaishi kwenye nyumba hiyo.

"Mama mmoja mzee," akasema. "Ana mambo yake."

"Mara ya mwisho mlimwona lini?"

Akatazama viatu vyake. "Kumwona kabisa, mama, siyo rahisi kusema."

"Sasa mnajuaje kama yu hai?"

"Moshi," akajibu. "Asubuhi huwa tunauona moshi." Gari lao likaja, akapanda, akanipungia mkono kwa adabu zote.

Kesho ukifika, wazee watakuwa wamekuandalia chai. Waombe radhi, chai ipoe. Uliza njia ya mtoni. Akifungua, msalimie kwa jina lake, na kama hakuna wa kukupa jina lake muulize yeye mwenyewe. Asipofungua, piga hodi tena.

Maana wanautazama moshi tu, Kabula. Siku moshi usipoonekana, nani atavuka kwenda kuangalia?

Mama yako anayekupenda na kukuogopea,

Minza